Siku Walipoosha Mapipa ya Mjukuu Wangu

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenye boma, hapa Mutuini. Mjukuu wangu, msichana, mtoto wa binti yangu wa mwisho, niliyemlea tangu mama yake alipokwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba za watu. Mapipa yalikuwa yake, na maneno haya yote yanamhusu yeye. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni mjomba wake, anayeishi Karen. Mke wa huyo mwanangu. Wanawake wa kikundi cha maombi cha mke huyo, wamevaa glavu za mpira, na mwenyekiti wao ambaye sauti yake hukaa juu hata akiomba chumvi. Kesho yake wakaja wageni wa chuo kikuu: profesa wa mjukuu wangu, na mama mmoja mtaalamu wa chuo kingine aliyeletwa kumkagua, na vijana wa kubeba mikoba.

Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya ubatizo, na yale waliyojipa wenyewe walipohamia mjini. Sitayaandika. Kuna majina yakiandikwa, wenyewe hununua nakala kumi wakagawie marafiki, na raha hiyo sitaki kuwapa.

Nianze na mapipa, maana wengi wamesikia habari hii kutoka upande wa mwanangu, na upande wake mapipa ni uchafu tu.

Yalikuwa matatu, ya plastiki, rangi ya bluu, yenye vifuniko vya kubana, yamepangwa nyuma ya nyumba karibu na migomba. Mjukuu wangu alikuwa akienda machinjioni Dagoretti asubuhi na kurudi na ndoo za damu, na ndoo za yale majani yaliyotafunwa nusu ambayo hutoka tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa. Anayalisha mapipa, moja damu tupu, moja majani matupu, na moja vyote viwili, taratibu kwa mpira, kama unavyomlisha mgonjwa uji. Juu ya kila pipa kulikuwa na mpira mwingine mwembamba uliokwenda mpaka kwenye tyubu ya tairi la trekta. Gesi ikitoka pipani inaingia kwenye tyubu, tyubu inavimba, na siku akitaka anaiwasha kwenye jiko. Chai yangu ya asubuhi niliipikia hapo.

Wenye kutoa gesi hiyo ni vidudu. Usijisumbue kuvitafuta kwa macho, mimi nilijaribu kwa miwani. Vidudu hivyo ndiyo masomo yake. Alinieleza mara nyingi, na mimi mtu wa darasa la tatu nilishika hivi: kuna kundi linalokula damu na mafuta, na likishiba linatoa uchachu. Kuna kundi lingine ambalo chakula chake ni ule uchachu, nalo ndilo linalotoa gesi. Kundi la kwanza likiachwa peke yake linakufa ndani ya uchachu wake lenyewe. La pili huwezi kulilisha damu, halina meno ya kuila.

"Ni kama ploti ya vyumba vya kupanga, shosho," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Mmoja akikataa kutoa taka, wote wanaumia."

"Na mwenye ploti?"

"Hakuna mwenye ploti. Ndiyo maana inaenda poa."

Alichokuwa akitafuta ni nani humo ndani anamtegemea nani, na ukibadilisha chakula, nani anaondoka na nani anashika nafasi yake. Si kazi ya kulazimisha. Pipa la damu tupu lilimkatalia mara ya kwanza, likachacha, likanuka hata mbwa wa jirani akabadilisha njia. Akaanza upya. Hewa nayo isiingie, maana hewa hii tunayovuta mimi na wewe ni sumu kwa vile vya gesi. Alikaa navyo mpaka vikazoeana, na mimi nikaona tyubu zikivimba kila wiki, nikajua mtoto amefika mahali.

Lakini chuo kilikuwa kimechoka naye. Muda wake ulikwisha wakamwongezea, na nyongeza nayo ikawa inakwisha. Profesa akamwambia watakuja Jumamosi, yeye na mkaguzi wa nje, waone mapipa kwa macho yao. Wakiyaona yanafanya kazi, aandike kitabu chake amalize shahada. Wasipoona, basi. Atoke mikono mitupu, na umri ule, na wenzake wote wameshaajiriwa. Sikuhitaji darasa la nne kuelewa hilo.

Kosa letu ni kwamba mwanangu alisikia.

Mwanangu anaishi Karen, mtaa wa matajiri. Chumba chenyewe ni cha nyuma, kule ambako zamani walilala wapishi wa mwenye nyumba, lakini lango wanatumia moja, kwa hiyo ni Karen. Anasimamia walinzi wa duka kubwa la huko, na kwa kusimama mlangoni mwa vitu vya watu miaka mingi amefikia kuamini ni vyake. Akija kwangu anakaa kwenye ncha ya kiti. Anavuta pua. Baba yake alikuwa mchuna ngozi pale pale machinjioni, alirudi nyumbani ananuka damu kila siku ya Mungu, na harufu hiyo ndiyo iliyonunua hii ardhi na kumvalisha yeye sare ya shule. Sasa ameota pua.

"Mama, profesa mzima anakuja hapa?" aliniuliza kwenye simu. "Na hivyo ndivyo mtampokea? Na ile mitungi ya mavi?"

"Anakuja kuangalia hiyo hiyo."

"Hapana, hapana. Niachie mimi. Nitamtuma mke wangu."

Hakuniuliza, alinitangazia. Mwanangu huongea na watu wote kama anaongea na redio ya walinzi, akimaliza yeye kusema, mazungumzo yameisha.

Ijumaa mjukuu wangu alikwenda mjini kwenye maabara kuchukua kipimo chake cha uchachu. Mimi nikapanda boda kwenda soko la Dagoretti kutafuta kuku, maana kwetu magharibi, tulikotoka, mgeni wa heshima hapewi mchuzi wa nyama ya kupimwa, anachinjiwa kuku. Nyumba nikaifunga. Nyuma ya nyumba hakuna kufuli. Nani angeiba damu?

Nilirudi na kuku wangu wawili kwapani, na pale langoni nikasimama. Palinukia. Palinukia kama vyoo vya hoteli. Nikadhani boda amenileta boma la mtu mwingine.

Mkaza mwanangu alitoka nyuma ya nyumba amejifunga leso kichwani, uso unang'aa kama aliyetoka kubatizwa.

"Mama, karibu! Nusa. Hebu nusa kwanza."

"Nimenusa tangu barabarani. Mmefanya nini?"

"Tumekusaidia, mama. Ile harufu imeisha kabisa."

Nikazunguka nyuma. Mapipa yalikuwa yamesuguliwa kwa nje mpaka yanametameta, na kila moja limefungwa utepe wa rangi ya zambarau kiunoni. Vifuniko vilikuwa wazi. Nikachungulia. Maji yaliyokuwa meusi yalikuwa meupe kama maziwa.

"Mmemwaga nini humu?"

"Dawa tu, mama. Ile ya kuoshea choo. Si ile ya kupimiwa na kikombe, hii ni ya chupa, ya duka la kule kwetu."

"Tulianza kwa kuikemea hiyo harufu," mwenyekiti akasema, akivua glavu. "Ikakataa. Ndipo tukaongeza dawa."

"Na mnajua ndani kulikuwa na nini?"

"Viini vya magonjwa, mama!" akasema mkaza mwanangu. "Lakini usiogope. Tumeviua vyote."

Wenzake wakasema amina.

Nimeishi na watu wa kila aina. Nimeona walevi, nimeona wezi wa kuku, nimeona askari wa jiji wakibeba nyanya za mjane. Hao wote walijua wanafanya nini. Hawa walinikatia boma langu pumzi wakasimama wakingoja soda. Na niliwapa soda. Ndivyo nilivyolelewa, na bado inaniuma.

Mjukuu wangu alifika jua linaelekea kuzama. Alianza kutabasamu alipoona boma limefagiliwa, halafu harufu ikamfikia. Hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye mapipa, akatia kile kipimo pipa la kwanza, akasoma, akakifuta, akatia la pili.

"Anti," akasema bila kugeuka, "nani alifungua vifuniko?"

"Wote tulishirikiana. Wala usishukuru, hii ni kazi ya familia."

Mtoto akakaa chini. Kwenye tope, na suruali yake ya kwenda mjini. Tyubu za trekta zilikuwa zimelala juu ya majani kama matiti yangu mimi.

Pale pale chini aliwaeleza. Aliwaeleza vizuri, polepole, kama nilivyoeleza mimi hapa, na habari ya ploti ya kupanga akaisema. Wanawake wakatazamana. Mwenyekiti akakumbuka kwamba giza likiingia kuna shida ya gari, na kikundi chote kikayeyuka. Mkaza mwanangu akabaki, kwa sababu alikuwa akimngoja mumewe.

Mwanangu alikuja na tenti. Alipoelezwa, alikuna kidevu, kisha akacheka.

"Sasa wewe msichana unalia nini? Wageni wanakuja kuona moto. Moto utakuwepo."

"Moto upi, anko?"

"Moto ni moto. Nina mtungi wa gesi kwenye gari, ule mdogo wa meko. Tunauficha nyuma ya pipa na gunia, tunaunganisha huu mpira wako, wewe unaongea kizungu chako, mimi nawasha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si mgeni."

Huyo nilimzaa mimi. Nilimnyonyesha mwenyewe. Simwoni mtu wa kulaumu.

Mjukuu wangu alimpita. Aliingia ndani akafunga mlango. Baadaye nilimpelekea uji, akaniuliza, "Shosho, nifanyeje?" Sikumwambia kitu. Kitabu kilikuwa chake, na miaka ilikuwa yake, na aliyekuwa na kitu cha kupoteza ni yeye peke yake kati yetu wote. Nikamwachia uji.

Asubuhi boma langu lilikuwa la arusi. Tenti nyeupe, viti vimevalishwa vitambaa na mafundo mgongoni, meza ina maua ya plastiki. Mwanangu amevaa suti na kadi ya kazi shingoni, siku ya Jumamosi, kwa mama yake. Mkewe amerudi na mwenyekiti wake, wamekaa mbele. Gunia nililiona nyuma ya pipa la kati. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kando na koti lake jeupe la maabara, mikono mifukoni.

Wageni wakaja. Profesa ni mtu wa tumbo na kitambaa. Kitambaa alikishika puani tangu alipotoka garini, kwa mazoea, ingawa siku hiyo palinukia kuliko ofisini kwake. Alikuwa hajawahi kufika. Miaka yote ile alikuwa akisahihisha mapipa ambayo hajayaona. Yule mama mkaguzi alikuwa mfupi, amevaa viatu vya matope, na alinisalimia mimi kwanza.

Mwenyekiti akaomba. Akawaombea wageni, serikali, barabara, na akamshukuru Mungu kwa usafi. Mwanangu akatoa hotuba. Alisema familia yetu imekuwa na moyo wa sayansi tangu zamani. Halafu, kabla mjukuu wangu hajasema hata neno, akafungua koki ya jiko akawasha kiberiti.

Moto ukaruka. Wa bluu, mrefu, wa kuunguza nyusi. Watu wakapiga makofi. Profesa aliondoa kitambaa puani, akacheka, akaanza kumpa mkono mwanangu.

"Hongera sana! Hii ndiyo tulitaka kuona. Hii ni kazi safi."

Yule mama mkaguzi hakupiga makofi. Alikuwa akizitazama tyubu, zilivyolala.

Mjukuu wangu akatoa mikono mifukoni. Alipita mbele ya mjomba wake, akainua gunia, akaufunga mtungi. Moto ukazimika.

"Huu moto si wangu," akasema. "Mapipa yangu yalitiwa dawa jana. Sina kitu cha kuwaonyesha."

 Profesa akaanza kutazama saa yake. Mwanangu akasema, "Ni maonyesho tu, profesa, ilikuwa mfano," na hakuna aliyemwuliza mfano wa nini.

"Nani aliyemwaga?" mkaguzi akauliza. "Na ni kiasi gani?"

Mkaza mwanangu, ambaye jana yake alitaka nimshukuru mpaka nichoke, akatazama maua ya plastiki.

"Mimi sikuwa karibu sana."

"Si wewe ndiye ulishika chupa?" mwenyekiti akasema.

"Na wewe si ulisema haitoshi?"

Wakashikana hapo mbele ya wageni, dada katika Bwana, kila mmoja akimkabidhi mwenzake chupa. Kwa njia hiyo mkaguzi akapata alichotaka: dawa gani, chupa mbili au tatu kila pipa, saa ngapi, na vifuniko vilikaa wazi muda gani. Aliandika yote. Kisha akakunja mkono wa blauzi, akauliza kama anaweza kutia mkono pipani, na hakungoja kujibiwa. Akatoa tope la chini kabisa, akalisugua kwa vidole, akanusa.

"Usimwage," akamwambia mjukuu wangu. "Funga tena. Chukua tope leo, kesho, na kila siku. Andika nani amekufa kwanza, nani amejificha chini, na akirudi anamkuta nani amekalia kiti chake."

"Lakini kazi yangu yote ilikuwa..."

"Kazi yako ya mwanzo imekatika, sitakudanganya. Lakini umepata jaribio ambalo hakuna mtu mwenye akili angelifanya kwa makusudi."

Nilicheka peke yangu. Mkaza mwanangu alidhani amesifiwa, akatabasamu kidogo.

Tukala. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mkuu wa nyumba au mgeni wa heshima, na mwanangu alikuwa ameshageuza sahani yake upande wangu tangu sufuria ilipofunguliwa. Nikaichukua firigisi, nikanyoosha mkono nikampita, nikaiweka kwenye sahani ya mjukuu wangu. Mwanamke, na hana hata mume. Mwanangu akaacha kutafuna. Ingekuwa jambo kubwa sana, lakini mtoto alikuwa ameshiba huzuni, hakuigusa, na profesa aliyekaa karibu naye, ambaye kwao hawajui mambo haya, akanyoosha uma akaila huku anaeleza jinsi alivyoshuku ule moto tangu mwanzo.

Hawakumfukuza. Hawakumpitisha pia. Yule mama alipigania aongezewe muda, profesa akaweka sahihi kwa sababu ya aibu, na mjukuu wangu akarudi kwenye tope lake. Mapipa mawili hayakufufuka. Lile la majani matupu, ambalo tope lake lilikuwa zito, lilianza kupumua polepole, na siku moja nikaona tyubu imeinua kichwa. Aliniambia waliorudi si wale wale wote. Wengine walikuwa wachache mno zamani, hata hakuwa amewaandika, na sasa ndio wanaofanya kazi ya waliokufa. Hawakuhutubia wala hawakufunga utepe. Walikula walichokikuta, wakatoa ambacho mwenzao anakihitaji. Nimeishi na watu wenye suti ambao somo hilo hawajalifikia.

Ilimchukua mwaka mwingine. Kazi aliyokuwa amewekewa mahali ikachukuliwa na mtu mwingine, na hiyo hakuna aliyemrudishia. Lakini kitabu kimepita. Nimekishika mkononi. Kuna sura nzima ya mapipa yaliyotiwa dawa, na ndani yake, alinionyesha kwa kidole, ameandika kwamba dawa ilimwagwa na "watu wasiohusika na utafiti". Nilimwambia ametumia maneno mazuri kupita kiasi.

Maana mwezi uliopita, kanisani, mkaza mwanangu aliinuka kutoa ushuhuda. Alisema Bwana alimtumia yeye kumwaga dawa ile, na kama si yeye, yule msichana asingepata shahada. Alisema kwamba mchango wake uko ndani ya kitabu cha chuo kikuu. Watu wakapiga vigelegele. Mwanangu alisimama kando yake ameshika mkoba wake. Mjukuu wangu alikuwa amekaa nami, na nikamshika mkono nikidhani anatetemeka kwa hasira. Kumbe alikuwa anacheka.

"Muache, shosho," akasema. "Sura hiyo hataisoma."

Basi mimi nimeandika hii, kwa wale ambao kitabu cha kizungu hawatakisoma lakini ushuhuda waliusikia. Ndivyo ninavyokumbuka. Inawezekana nimekosea mahali. Sina hakika kama mwanangu aliuficha mtungi Ijumaa ile ile alipoleta tenti au aliurudia asubuhi, na habari ya chupa mbili au tatu wenyewe bado wanabishana. Kama ulikuwepo na unajua vizuri kuliko mimi, niambie nirekebishe. Nipo nyumbani siku zote isipokuwa siku za soko, na mwanangu na mkewe pia wanaruhusiwa kuja, mradi waje bila chupa.